Mbwa barobaro anayerukia watu na kuuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya wenye mbwa wa Nakuru na viunga vyake, kuanzia Section 58, Kiti na Free Area hadi Lanet, Bahati na Njoro. Wengi wana mbwa wa kati ya miezi sita na mwaka na nusu, chotara wa German Shepherd au wa kienyeji, aliyeletwa nyumbani akibebwa kwa mkono mmoja na sasa anaweza kumwangusha mtu mzima. Majibu mengi yanamhusu mbwa anayeruka na kuuma kwa mchezo au msisimko. Anayeuma kwa hasira au kwa woga ana swali lake karibu na mwisho. Ikiwa huyo ndiye wako, anzia huko.

Alikuwa mpole kabisa. Mbona amekuwa hivi akiwa na miezi minane?

Ni umri. Ubarobaro wa mbwa huanza miezi sita hivi na huendelea mpaka mwaka mmoja na nusu. Mbwa wa maumbo makubwa huweza kufika miaka miwili. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle huko Uingereza walichapisha utafiti kuhusu mbwa waliokuwa wakilelewa ili waje kuwaongoza vipofu. Walipofika miezi minane, mbwa hao walikuwa wazito kumtii mlezi wao anapowaambia waketi kuliko walivyokuwa na miezi mitano, ilhali mtu mgeni akiwaambia neno hilohilo walimsikiliza. Kwa hiyo mbwa wako akiketi vizuri mbele ya daktari wa mifugo halafu akakupuuza nyumbani, usidhani kuna mtu amemroga.

Lakini umri haukumfundisha kuruka. Hilo tulimfundisha wenyewe. Alipokuwa na miezi miwili alipanda muundi wa mguu wako, ukacheka, ukambeba. Leo ana kilo ishirini na tano na anafanya kilekile kilichomletea raha.

Neno moja kuhusu meno, kwa sababu husingiziwa sana. Kufikia mwezi wa saba meno 28 ya utotoni huwa yameng'oka na 42 ya ukubwani yameshaota. Baada ya hapo, "anaota meno" si sababu tena.

Anarukia watu kwa sababu anataka kuwa mkubwa wa nyumba?

Hapana. Mbwa husalimiana kwa kunusana midomo na nyuso, na uso wako uko juu. Anaufuata. Akifika anatazamwa, anasukumwa, anakemewa, anashikwa mabega, na yote hayo kwake ni malipo. Kumsukuma kwa mikono miwili ndiko kubaya zaidi, maana anaona mmeanza mieleka.

Nianzie wapi leo jioni?

Anzia getini, maana hapo ndipo mazoea yalipojengewa.

Kabla hujagusa komeo, hakikisha una kiganja cha omena mfukoni. Fungua mlango mdogo wa geti kiasi cha kujipenyeza, ingia, simama. Atakuja mbio. Anapokufikia, kabla miguu ya mbele haijaacha ardhi, dondosha omena tatu au nne chini karibu na viatu vyako. Pua ikishuka, kifua hushuka nayo. Akimeza ya mwisho na kuinua kichwa, dondosha nyingine palepale. Fanya hivyo mara kadhaa mpaka pumzi zake zitulie, ndipo umsalimie kwa sauti ya chini, mkono wako ukipita chini ya kidevu na kumkuna kifuani. Mkono unaopita juu ya kichwa humwalika aufuate, na hapo mmerudi mlikotoka.

Ukichelewa akaruka, usiseme neno. Geuka ubavu, kunja mikono, tazama ukuta. Akishuka, mwache akae chini sekunde mbili au tatu ndipo omena idondoke. Usimlipe papo hapo anapotua, la sivyo atajifunza mchezo mzima: ruka, shuka, kula, ruka tena. Mbwa wajanja huuweka mchezo huo kichwani kwa siku moja.

Kwa mbwa mzito, kunyamaza peke yake hakufai. Atakuchana shati ukimsubiri achoke. Huyo mfunge kwenye nguzo imara kwa kamba ya mita mbili, ukiwa hapo naye, kisha umsogelee polepole. Miguu minne ikiwa chini, unapiga hatua. Akiruka, unarudi nyuma hatua mbili na kungoja. Hufiki kwake mpaka atulie, naye hulielewa hilo upesi kuliko mahubiri yoyote. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha. Ukizidisha mtachoshana.

Mume wangu anampenda akimrukia. Mimi sitaki. Tufanyeje?

Mkubaliane kwanza ninyi watu, mbwa atafuata. Mara nyingi mgogoro wa mbwa ni mgogoro wa boma. Mama anasema "toka!", mtoto anasema "down!", dada wa kazi anasema "wacha!", baba anapiga kifua na kusema "njoo hapa kijana wangu!", na soja wa usiku hucheza naye mieleka saa nane ili usingizi usimshike. Mbwa huyo haelewi ni yupi asirukiwe, kwa hiyo anawarukia wote na kuona ni nani atakayelipa. Na malipo ya nadra hunasa zaidi, kama yanavyomnasa mtu wa kubeti aliyewahi kushinda mara moja.

Chagueni neno moja. "Keti" linatosha. Liandikeni kwenye karatasi na mlibandike kando ya swichi ya taa ya nje, mahali soja anapoliona. Anayetaka kukumbatiwa na mbwa amfundishe kupanda kwa mwaliko tu, baadaye, mbwa akishakuwa mtulivu. Kwa miezi hii michache, baba avumilie.

Wageni wakija Jumapili nifanyeje? Siwezi kumfundisha nyanya yangu kurusha omena.

Basi usimfundishe. Mfungie mbwa kwenye kibanda chake au uani kabla wageni hawajabisha, mpe kitu cha kutafuna, na baada ya nusu saa umtoe akiwa kwenye kamba. Wengine huona huko ni kushindwa. Sivyo, kila ruko unalolizuia ni ruko ambalo hakulifanyia mazoezi. Mzee akiangushwa kwenye sakafu ya simiti anaweza kuvunjika nyonga, na hakuna somo la mbwa linalostahili gharama hiyo.

Usimtambulishe kwa mgeni anayeogopa mbwa ili "azoee". Watu wengi wa kwetu waliumwa utotoni na wana haki ya kunywa chai yao kwa amani.

Ananiuma mikono, ananing'ang'ania pindo la suruali. Nikipiga kelele anazidi.

Kelele humchochea. Ushauri wa kulia "aii!" ili ajue umeumia husaidia baadhi ya watoto wa mbwa, lakini barobaro aliyepandwa na msisimko huusikia kama kichezeo kinacholia. Kuvuta mkono ghafla nako humfanya akamate zaidi.

Simamisha mkono. Ulegeze. Akiachia, mpe kitu kingine cha kuuma kilicho kirefu, ili meno yake yawe mbali na vidole. Mguu wa jinzi kuukuu uliofungwa fundo mbili, urefu wa nusu mita hivi, unashinda vichezeo vingi vya dukani. Hutakiwi kungoja akuume ndipo uutafute. Uwe umening'inizwa msumarini pale mlangoni, uushike kabla hujatoka. Vuteni, chezeni, na kila baada ya muda mfupi tulia tuli ukiushikilia mpaka auachie, kisha mwambie "haya!" na mchezo uendelee. Hapo anajifunza kuachia, na hilo ni nusu ya kazi.

Akirudia mkono wako, mchezo umekufa. Ondoka kimya, pita upande wa pili wa mlango au geti la uani, kaa huko nusu dakika, rudi. Si adhabu ya saa nzima. Ukimfungia saa nzima husahau kilichompeleka huko, na anatoka na nguvu za kukurukia upya.

Kila siku saa moja jioni anageuka kichaa. Anazunguka boma, anaruka, anauma. Kwa nini saa ileile?

Fikiria siku yake. Amefungiwa kwenye kibanda tangu saa kumi na mbili asubuhi, hana la kufanya, kisha watu wanarudi kutoka kazini na shuleni, taa zinawashwa, sufuria inagongwa, na anafunguliwa. Nguvu za kutwa nzima zinatoka kwa dakika ishirini.

Mtembeze asubuhi kabla ya jua, hata robo saa, na umwache anuse. Kunusa kunamchosha kuliko mbio. Mchana mwachie kazi: chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu, ikatiwa omena au ugali mkavu uliomegwa, kifuniko na ule mduara wake vikiwa vimeondolewa asije akavimeza. Akianza kuitafuna vipande, ichukue. Chakula chake kingine unaweza kukimwaga kwenye nyasi akitafute badala ya kukila kwenye bakuli kwa nukta moja.

Kuna pia mbwa wa upande wa pili, hasa kwenye nyumba zenye watoto wengi: hapati usingizi. Mbwa mzima hulala saa kumi na mbili hadi kumi na nne kwa siku, ukijumlisha na vile visinzio vya mchana, na barobaro anahitaji angalau hizo. Akisumbuliwa kutwa, jioni huwa kama aliyelewa. Huyo hahitaji mazoezi zaidi. Anahitaji kona yenye kivuli na amri kwa watoto kwamba akiwa hapo haguswi.

Jirani anasema nimpige, au nimwinulie goti kifuani, au nimkanyage vidole vya nyuma. Inafanya kazi?

Wakati mwingine ruko hukoma siku hiyo. Unachokuwa umefundisha ni kwamba mtu akikaribia, kuna maumivu. Wengine huanza kukwepa mkono, wengine huutangulia kwa meno. Goti kifuani linaweza kumuumiza kweli, na ukiwa umevaa sketi au unabeba ndoo utaanguka wewe. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma ni hatari zaidi, kwa sababu hujifunza kuruka onyo na kwenda moja kwa moja kwenye kuuma.

Pilipili kwenye chakula ili "apate ukali" humpa tumbo la kuendesha, basi. Bangi ni sumu kwa mbwa. Na kumfungia gizani hutoa mbwa mwoga, ambaye ndiye humuuma mtoto wa mwenye nyumba.

Lakini nilimtafuta awe mlinzi. Nikimzoesha kutoruka, si atakuwa bure?

Swali hili ndilo linalokwamisha watu wengi, kwa hiyo nalijibu bila kuzunguka: mbwa anayeruka hovyo si mlinzi. Kumrukia mtu kwa furaha na kumzuia mwizi ni vitu viwili visivyojuana. Barobaro wa namna hii humrukia mwizi vilevile, akitikisa mkia, na akidondoshewa kipande cha nyama anamsindikiza hadi dirishani.

Kinacholinda boma ni mbwa anayebweka mtu anaposimama getini, anayejua watu wa nyumbani ni nani, na anayekusikia ukimwambia anyamaze. Kubweka kwenye geti hatukukugusa katika mafunzo haya. Mwache abweke mara kadhaa, msifu, kisha mwite. Sauti ile inatosha. Mbwa asiyeshikika, kwa upande mwingine, huishia kufungwa mnyororo mchana na usiku, na wezi wanajua urefu wa mnyororo.

Omena pekee? Nimpe nini kingine?

Mapafu ya ng'ombe kutoka bucha, yaliyochemshwa, yakakatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi na kukaushwa kidogo kwenye sufuria bila mafuta. Ni rahisi, hayachafui mfuko sana, na mbwa huyafia. Yachemshe yaive kabisa. Mapafu na maini mabichi yanaweza kuwa na malengelenge ya minyoo ya tegu ambayo mbwa huiambukiza familia. Chokoleti, vitunguu na zabibu usimpe. Mifupa iliyopikwa pia usimpe, huvunjika vipande vikali. Punguza kiasi hicho kwenye mlo wake wa jioni asije akanenepa.

Na kama hana haja na chakula chochote unachomtolea getini, jaribu kumfundisha kabla ya mlo badala ya baada.

Watoto wangu wanamkimbia huku wakipiga mayowe, naye anawafukuza akiwauma visigino.

Mtoto anayekimbia ni windo, na mayowe ni muziki wake. Wafundishe kuwa mti: simama, kunja mikono, tazama vidole vya miguu, nyamaza. Wafanye mazoezi bila mbwa kwanza, mmoja akijifanya mbwa. Watacheka, lakini watakumbuka. Mbwa asipopata mchezo huondoka.

Hata hivyo, mtoto wa chini ya miaka kumi na mbwa wa umri huu wasiachwe peke yao, hata dakika ya kwenda kugeuza chapati. Asubuhi za shule mfungie kabla watoto hawajatoka. Matope ya Aprili kwenye shati jeupe yamewapatia mbwa wengi viboko ambavyo kufunga mlango kungeviepusha.

Tukitembea anageuka ghafla na kuuma kamba, kisha mkono.

Kwa kawaida hutokea mnaporudi, akiwa amechoka, au baada ya bodaboda kupita karibu. Usivutane naye. Mwaga kiganja cha chakula kwenye nyasi. Akiwa ameshapandwa na msisimko, ifunge kamba kwenye mlingoti au mti, sogea hatua mbili nje ya ufiko wake, msubiri. Ikiwa anaitafuna kamba yenyewe, duka la agroveti litakuuzia yenye kipande cha mnyororo upande wa shingoni. Chuma hakina utamu. Fupisha safari ya kesho.

Akihasiwa ataacha?

Kuruka na kuuma kwa mchezo, hapana. Kuhasi husaidia kupunguza kuzurura kutafuta majike na kuzuia watoto wasiotakiwa, na hizo ni sababu nzuri tayari. Umri unaofaa muulize daktari wa mifugo, hasa kwa mbwa wa umbo kubwa.

Itachukua muda gani?

Wiki kadhaa kuona tofauti, miezi kadhaa kuiamini. Siku za kwanza atazidi. Ruko lililokuwa linalipa likiacha kulipa, hulifanya kwa nguvu zaidi kabla ya kuliacha, na hapo ndipo wengi husema "njia hii haifai" na kurudi kwenye kiboko. Mbwa ambaye ruko lake limezidi siku ya tatu anakuambia kwamba ameona mambo yamebadilika.

Nitajuaje kwamba kuuma kwake si mchezo tena?

Mwili wa mchezo ni laini: mdomo wazi, kiuno kinayumba, anainama mbele na kuinua matako. Mwili wa hatari hukakamaa. Mdomo unafungwa, anasimama tuli ghafla, weupe wa jicho unaonekana pembeni, ananguruma kwa sauti ya chini. Angalia pia ni wapi: kwenye bakuli, kwenye mfupa, akiwa pembeni hana njia, au anapoguswa sehemu moja ya mwili. Anayeuma anapoguswa sikio au nyonga huenda ana maumivu, kwa hiyo daktari wa mifugo kabla ya mkufunzi. Kwa wote wa namna hii acha mazoezi ya hapa, mtenge na watoto, na utafute mtu wa kumwona ana kwa ana.

Amemuuma mtoto wa jirani, damu imetoka kidogo tu. Ni mchezo. Twende hospitali?

Ndiyo, leo. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano kamili, ukitazama saa. Watu wengi husuuza dakika moja na kufunga kitambaa. Usipake kahawa, pilipili wala mafuta ya taa. Kisha kituo cha afya, mkiwa na kadi ya chanjo ya mbwa kama ipo. Mkianzishiwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, msikatize njiani hata kama jeraha limepona.

Mbwa asiuawe. Afungiwe na aangaliwe siku kumi, na afisa wa mifugo ajulishwe. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku alipouma. Akifa au akibadilika tabia, daktari aambiwe mara moja, kwa maana dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Serikali ya Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030, na Kisumu na Siaya ni kati ya kaunti zilizochaguliwa kuanza nazo. Nakuru usisubiri kampeni. Kama hukumbuki mbwa wako alichanjwa lini, hesabu kwamba hajachanjwa.

Nimechoka. Naweza kumpa mtu mwingine?

Unaweza. Kuna boma zisizo na watoto, zenye mtu anayeshinda nyumbani, ambako mbwa huyuhuyu angekuwa na maisha mema kuliko kwako. Usimpeleke usiku kumwacha Gioto karibu na jaa la taka, na usimpe mtu ukisema "hana shida yoyote" ili aondoke haraka. Mwambie anayemchukua kwamba anaruka, anauma mikono akisisimka, ni nani au nini humsisimua, anakula nini, na neno mnalotumia ni "keti". Mpe kadi ya chanjo. Na umwambie asimfungue siku ya kwanza, hata kama boma lina ukuta.